Ushuru wa Kujua

Msomaji, mtu akiweka fedha zake kwa mwenzake ili amtunzie, ana haki ya kuuliza siku yoyote zimebaki ngapi, na zilizotoka zimetumika kwa jambo gani. Aliyepewa amana hawezi kumjibu, "Nilipe kwanza, kisha nitakuambia." Akithubutu kujibu hivyo, majirani watastaajabu, na wazee watamwita barazani ajieleze. Hakuna haja ya kwenda shule ili kujua kwamba jibu hilo ni baya. Kila mtu hulijua kwa akili yake ya kuzaliwa.

Lakini jibu hilo, ambalo ni aibu kinywani mwa mtu mmoja, hupata heshima likitoka kinywani mwa afisi. Raia huenda kuomba hesabu ya kisima cha kijiji, mkataba wa barabara, au orodha ya wanafunzi waliopewa msaada wa karo, naye akatajiwa ada. Ada hiyo ina jina zuri na stakabadhi yenye muhuri, kwa hiyo watu huidhania kuwa halali. Mimi nasema kwamba kila senti inayotozwa kupita gharama halisi ya nakala ni ushuru wa kujua, na ushuru wa kujua haustahili kuwako katika nchi inayojitawala. Nitatoa hoja zangu moja baada ya moja, na wewe utakuwa mwamuzi.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe, maana mabishano mengi huzaliwa na maneno yasiyoelezwa. Ziko ada za namna nyingi. Mtu akitaka pasipoti ya kusafiria ng'ambo, hulipa. Akitaka leseni ya kuendesha gari, hulipa. Hapo amehudumiwa kwa jambo lake mwenyewe, na hati anayopewa ni mali yake. Kama ada hizo ni kubwa mno au la, hilo ni shauri jingine. Mimi nazungumza juu ya kumbukumbu za umma, yaani maandishi yanayoonyesha serikali imefanya nini kwa fedha na mamlaka iliyokabidhiwa na watu. Katika kumbukumbu hizo mwombaji hatafuti kitu cha kuweka mfukoni. Anatafuta kujua jambo ambalo linamhusu yeye na jirani zake wote.

Sasa tuulize: kumbukumbu hizo ni mali ya nani? Jibu hupatikana kwa kuuliza nani aliyezilipia. Karani aliyeziandika hulipwa mshahara kutokana na kodi. Karatasi, wino, kabati, kompyuta, taa inayowaka juu ya meza, na paa linalozuia mvua isiharibu majalada, vyote vimenunuliwa kwa kodi. Wala usidhani kwamba kodi hulipwa na matajiri peke yao. Mtoto anayetumwa dukani kununua kipande cha sabuni, hulipa ndani ya bei ile ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16, ingawa hana habari. Bibi kizee asiyekuwa na mshahara hulipa vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna mtu katika nchi ambaye hajachangia kuandikwa kwa majalada ya serikali. Kumtoza tena ili ayaone ni kumuuzia mtu mbuzi wake mwenyewe, tena kwa bei iliyokatwa na mchungaji.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno matamu ya mwandishi, lakini sheria ni kitu kingine. Nafurahi kuwajibu kwamba katika Kenya sheria iko upande wangu. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 35, imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Miaka sita baadaye, Bunge lilipitisha Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ili haki hiyo ipate miguu ya kutembelea. Sheria hiyo imekataza kabisa kutoza ada yoyote kwa ajili ya kupeleka ombi. Imeruhusu ada kwa kutoa habari zenyewe, lakini imeiwekea mpaka: ada isizidi gharama halisi ya kufanya nakala na, ikibidi, ya kumfikishia mwombaji.

Hayo siyo yote. Afisa anayekubali ombi na kutaka malipo anapaswa kumwandikia mwombaji kiasi cha ada, pamoja na hesabu iliyotumika kukipata kiasi hicho. Tena anapaswa kumjulisha kwamba anaweza kukata rufani juu ya ada hiyo mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu wengi huiita Afisi ya Ombudsman. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Mtu asiyejua kuandika aweza kulisema kwa mdomo, na afisa akaliandika kwa niaba yake. Jibu litolewe katika muda wa siku 21. Kazi ikiwa kubwa, muda waweza kuongezwa mara moja, usizidi siku 14. Habari ikiwa inahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litolewe kabla ya saa 48 kupita.

Sheria nzuri ni kama jembe jipya. Likitundikwa ukutani halilimi. Basi tulichukue jembe hili tukalijaribu shambani kwa mfano. Mfano huu nimeutunga, lakini nadhani wengi watauona kuwa wa kawaida.

Chukulia kwamba kijiji fulani kilichimbiwa kisima. Kibao kimesimamishwa, na juu yake pameandikwa jina la mradi na mamilioni ya shilingi yaliyotumika. Pampu ilitoa maji kwa majuma matatu, kisha ikanyamaza. Mama mmoja mjane, ambaye kila alfajiri hutembea mwendo wa saa mbili kwenda mtoni, anataka kujua mambo matatu: nani alipewa kazi ile, alipaswa kuchimba kina gani, na nani aliyetia sahihi kwamba kazi imekwisha. Majibu yote yamo katika jalada moja lenye kurasa 180. Mama anakwenda afisini. Anaambiwa alipe shilingi 500 za kufungua ombi, shilingi 2,000 za kutafutiwa jalada, na shilingi 50 kwa kila ukurasa wa nakala. Jumla ni shilingi 11,500. Mama anashukuru kwa adabu, anafunga leso yake, anarudi nyumbani. Kesho alfajiri anakwenda mtoni.

Tuipime hesabu hiyo kwa kipimo cha sheria. Shilingi 500 za kufungua ombi zimekatazwa waziwazi. Shilingi 2,000 za kutafuta hazina mahali, maana sheria imetaja nakala na kufikisha, haikutaja kutafuta. Zimebaki nakala. Tuseme katika duka lililo mbele ya lango la afisi ile ile ukurasa mmoja hunakiliwa kwa shilingi 5, na mwenye duka bado anapata faida ya kulisha watoto wake. Kwa bei hiyo kurasa 180 ni shilingi 900. Basi katika shilingi 11,500 alizotajiwa mama, shilingi 10,600 hazina msingi. Na kama jalada limo ndani ya kompyuta, likatumwa kwa barua pepe katika simu ya mwanawe, hata zile 900 hazina sababu. Mashine haikutumia karatasi wala wino.

Sasa tazama ada ile imefanya nini. Haikuingiza hata senti moja katika hazina, kwa kuwa mama hakulipa. Haikupunguza kazi ya lazima, kwa kuwa jalada lilikuwa limekwisha kuandikwa. Jambo moja tu limefanyika: swali limekufa kabla ya kuulizwa. Aliyechimba kisima kibovu amelala usingizi mzuri, naye hakuhitaji kumhonga mtu wala kuiba jalada. Ada imemlinda kuliko askari, na ulinzi huo una stakabadhi.

Najua majibu ambayo hutolewa na watetezi wa ada. Ni haki yao kusikilizwa, kwa hiyo nitayaleta kama wanavyoyaleta wao, bila kuyapunguza.

Wa kwanza husema: kutafuta nyaraka ni kazi, na kazi ina gharama. Karani anayepekua majalada kwa siku mbili hafanyi kazi nyingine kwa siku mbili. Hoja hii ina uzito, nami siikejeli. Lakini uliza kwa nini upekuzi umechukua siku mbili. Masijala iliyopangwa vizuri, yenye daftari la majalada na namba zake, hutoa faili kwa muda mfupi. Jalada likitafutwa siku mbili, kosa ni la aliyelipanga, si la aliyeliuliza. Sheria ya mwaka 2016 yenyewe imeziamuru afisi za umma kutunza kumbukumbu zao katika hali inayowezesha habari kupatikana. Tukiruhusu ada ya kutafuta, tutakuwa tumeweka tuzo kwa uvivu: kadiri afisi inavyokuwa chafu, ndivyo ada inavyokuwa kubwa, na afisi safi ndiyo itakayopata kidogo. Mwalimu gani humpa alama nyingi mwanafunzi ambaye daftari lake halisomeki?

Wa pili husema: bila ada, afisi itafurikwa na maombi ya wachokozi na wapelelezi wa biashara. Hapa wanasahau kwamba ada haijui kutenga mwema na mwovu. Inajua kutenga mwenye nacho na asiye nacho. Mchimbaji wa kisima kibovu anaweza kulipa shilingi 11,500 bila kukunja uso, akachukua nyaraka za washindani wake. Anayeshindwa ni mama wa mtoni. Kama kweli shida ni wafanyabiashara wanaotafuta faida, ziko njia za kuwatenga bila kuwafungia watu wote. Marekani, ambayo sheria yake ya uhuru wa habari ilitiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai 1966, huwatoza waombaji wa biashara gharama za kutafuta, kukagua na kunakili. Lakini raia wa kawaida anayeomba kwa jambo lisilo la biashara hupewa bure saa mbili za kwanza za kutafuta na kurasa 100 za kwanza za nakala. Tena ada yaweza kusamehewa ikiwa habari itawafaidi watu wengi. Hata huko malalamiko hayajakwisha, ila sheria imejaribu kupambanua kati ya mtu na mtu.

Wa tatu husema: serikali ni maskini, na kila chanzo cha mapato kina maana. Mimi nauliza: ni chanzo gani hiki ambacho maji yake hukauka kadiri bei inavyopanda? Mwombaji akishindwa kulipa, mapato ni sufuri. Akiweza kulipa, mapato ni kidogo kuliko mshahara wa karani anayeandika stakabadhi. Kinyume chake, kisima kimoja kibovu kikigunduliwa mapema, fedha inayookolewa hupita ada za miaka mingi. Mwenye shamba hamtozi ada mtu anayemjia mbio kumwambia kwamba ng'ombe wameingia katika mahindi.

Wa nne husema, kwa sauti ya upole: watu wenyewe hawaulizi, basi shida iko wapi? Jibu la hoja hii limeandikwa katika historia ya nchi moja ya Ulaya, nayo inafaa tuitazame kwa makini, kwa sababu huko ada iliingizwa mahali ambapo haikuwapo, na matokeo yakaonekana.

Ireland ilitunga sheria ya uhuru wa habari mwaka 1997, ikaanza kufanya kazi mwaka 1998. Mtu alipeleka ombi bila kulipia ombi lenyewe. Mwaka 2003 serikali ilibadilisha sheria, ikaweka ada kwa maombi yasiyohusu habari za mwombaji mwenyewe: euro 15 kwa ombi, euro 75 kwa kuomba afisi ilitazame upya jibu lake, na euro 150 kwa kukata rufani mbele ya Kamishna wa Habari. Hesabu ya mwaka uliofuata ilitolewa na kamishna mwenyewe, Emily O'Reilly: maombi yalikuwa yameanguka kwa zaidi ya nusu. Watu wa Ireland hawakupoteza hamu ya kujua katika mwaka mmoja, wala makosa ya serikali yao hayakupungua kwa nusu. Kilichobadilika ni bei. Ada ile ya euro 15 iliishi zaidi ya miaka kumi, hata sheria mpya ya mwaka 2014 ilipoiondoa. Basi mtu akikuambia kwamba watu hawaulizi, mwulize naye: mmeweka bei gani juu ya swali?

Uingereza nayo iliwahi kulijua jambo hili kwa sura nyingine, na jina la insha hii nimeliazima kwao. Tangu mwaka 1712 serikali ya huko ilitoza ushuru wa stempu juu ya kila gazeti. Mwaka 1815 ushuru huo ulipandishwa hadi peni nne kwa nakala moja, kiasi ambacho kibarua hakuweza kukitoa. Serikali haikusema kwamba imekataza maskini kusoma habari. Ilisema tu kwamba gazeti lina ushuru. Wapinzani wake waliupa ushuru huo jina lake la kweli, wakauita ushuru juu ya maarifa. Ulipunguzwa hadi peni moja mwaka 1836, ukafutwa mwaka 1855. Leo hakuna mtu wa heshima anayeutetea, lakini nina hakika kwamba katika siku zake ulitetewa kwa maneno yale yale ya gharama, mapato na wachokozi.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wenye nchi tajiri. Basi njoo nami mpaka India, katika jimbo la Rajasthan, nchi kavu yenye vibarua wengi. Huko mwaka 1990 wakulima na vibarua waliunda chama kiitwacho Mazdoor Kisan Shakti Sangathan. Vibarua walikuwa wakichimba barabara na mabwawa ya serikali kwa ujira uliowekwa na sheria, lakini walipokwenda kulipwa walipewa pungufu. Wakiuliza, waliambiwa kwamba daftari linaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Wakiomba kuliona daftari, waliambiwa ni siri ya serikali. Wakatambua kwamba njaa yao ilikuwa imeandikwa ndani ya daftari, na kwamba hawataishinda njaa mpaka walisome daftari.

Tangu mwaka 1994 walifanya mabaraza ya hadhara, ambapo hesabu zilizopatikana zilisomwa kwa sauti mbele ya wanakijiji. Mwaka 1996 walikaa barabarani katika mji wa Beawar kwa siku 40, wakidai haki ya kupata nakala za hesabu hizo. Angalia walichodai. Kuonyeshwa kwa mbali hakukuwatosha. Walitaka nakala, karatasi ambayo mtu aweza kwenda nayo nyumbani, akamwonyesha anayejua kusoma, akaipeleka mahakamani. Mwito wao ulikuwa mfupi: pesa zetu, hesabu zetu. Mwaka 2005 India ilipata sheria ya haki ya habari. Ada ya ombi kwa afisi za serikali kuu iliwekwa rupia 10, na watu walio chini ya mstari wa umaskini hawalipi. Tena sheria hiyo ina kipengele ambacho nakisifu: afisi ikichelewa kupita muda uliowekwa, ni lazima itoe habari bila malipo. Aliyechelewa ndiye anayebeba gharama ya kuchelewa. Vibarua waliokaa juani walikuwa maskini kuliko wengi wetu, na hawakungoja utajiri ndipo wadai kujua.

Na Sweden, ambayo sheria yake ya mwaka 1766 ndiyo ya kwanza duniani kuwafungulia raia nyaraka za serikali, imefuata kanuni nyepesi. Kusoma waraka papo hapo afisini ni bure. Ukitaka nakala kwa afisi za dola, kurasa tisa za kwanza ni bure, na malipo huanza katika ukurasa wa kumi. Nchi hiyo imeishi na majalada yaliyo wazi kwa vizazi vingi, na serikali yake haijaanguka kwa sababu ya maswali.

Kutokana na hayo yote, natoa mapendekezo manne. La kwanza, kila afisi ya umma ibandike mlangoni bei ya nakala kwa ukurasa mmoja, na bei hiyo isipite ile ya duka la jirani. La pili, kusoma jalada mahali linapotunzwa kuwe bure daima, na nakala inayotumwa kwa kompyuta iwe bure pia. La tatu, kurasa chache za kwanza zitolewe bila malipo, na maskini wasamehewe kabisa, kama wenzetu walivyofanya. La nne, ambalo ni kubwa kuliko yote, afisi zitangaze mambo yao kabla ya kuulizwa. Katiba yetu imeiamuru dola kutangaza habari muhimu zinazolihusu taifa, na Sheria ya mwaka 2016 imezitaka afisi kuchapisha mambo mengi zenyewe, yakiwemo maelezo ya mikataba zinayoingia. Mkataba wa kisima ukibandikwa kwenye ukuta wa afisi ya chifu siku unapotiwa sahihi, mama hatakuwa na haja ya kuomba, karani hatakuwa na haja ya kutafuta, na mabishano yote juu ya ada yatakwisha.

Nisidhaniwe kusema kwamba ada ndiyo kufuli pekee. Iko kufuli ya ukimya. Mikataba ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi haikufichwa na bei ya nakala. Raia walikwenda mahakamani kuidai, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru itolewe; baadhi ya karatasi zake zilitangazwa na serikali mwishoni mwa mwaka huo. Lakini kufuli ya ukimya huonekana na wote, na aliyeifunga hulaumiwa. Kufuli ya ada ni mbaya kwa namna yake, kwa sababu humfanya aliyenyimwa ajilaumu mwenyewe. Hasemi, "Nimenyimwa haki." Husema, "Sikuwa na fedha." Huenda nyumbani na aibu ambayo ilipaswa kubaki afisini.

Sasa nakugeukia wewe, kijana unayesoma kitabu hiki darasani. Huenda ukafikiri kwamba mambo ya majalada ni ya mawakili na waandishi wa magazeti. Sivyo. Huenda jina lako liliombewa msaada wa karo, likakosekana, na hakuna aliyekueleza kwa kipimo gani wengine walichaguliwa. Huenda shule yako ilitengewa fedha za maabara ambayo huioni. Siku moja wewe, au mzazi wako kwa mkono wako, mtataka kuuliza. Basi kumbuka haya. Andika ombi kwa lugha unayoijua. Taja waraka unaoutaka kwa uwazi, na mwaka wake. Weka tarehe, na ubaki na nakala yako. Ukitajiwa ada ya kupeleka ombi, sema kwa adabu kwamba sheria imeikataza. Ukitajiwa ada ya nakala, omba uandikiwe hesabu yake. Siku zikipita bila jibu, au hesabu ikikataa kusimama, peleka malalamiko yako kwa Tume. Usitukane wala usigombe, maana huko afisini umekwenda kuomba kilicho chako.

Na ikiwa siku moja utakaa wewe upande wa pili wa meza, ukiwa karani au afisa mwenye ufunguo wa kabati, kumbuka mama wa mtoni. Atakapokuja na swali lake, usianze kwa kumtajia bei. Mvutie kiti, toa jalada, mfungulie ukurasa anaoutaka. Mshahara wako amekwisha kuulipa, na karatasi unayoishika ni yake.